Kuona Valvu Si Kuwa na Gesi

Wazamiaji wa kina kirefu, wale wanaoshuka mita 50, 60 na zaidi, kisha wakalazimika kupanda kwa vituo ili nitrojeni na heliamu ziwatoke mwilini taratibu, wana imani moja iliyoota mizizi. Wanaamini kuwa mitungi inayofungwa ubavuni ndiyo ya kisasa na salama kuliko mitungi pacha ya mgongoni, na kwamba anayeng'ang'ania ya mgongoni ni mkongwe asiyetaka kujifunza. Hoja zao ni mbili. Valvu zote ziko chini ya kwapa, mbele ya macho, kwa hiyo hitilafu huonekana na kufungwa papo hapo. Na mitungi haikuunganishwa, kwa hiyo mmoja ukiharibika mwenzake haudhuriki.

Mitungi miwili, usalama mara mbili. Hesabu hiyo huvutia dukani, lakini kwenye mita 60 majibu yake ni mengine kabisa.

Kwenye kina hicho shinikizo ni bar 7. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa nchi kavu huvuta lita 140 akiwa chini. Chukua mitungi miwili ya lita 12, kila mmoja umebaki na bar 120. Hizo ni lita 1,440 kwa mtungi, yaani kama dakika 10 za pumzi tulivu. Sasa regulata moja, yaani kifaa kinachopitisha gesi kutoka mtungini hadi kwenye kipumulio, iharibike na gesi ianze kufoka. Mwenye mitungi ya mgongoni, iliyounganishwa kwa bomba la chuma liitwalo manifoldi, hufunga valvu ya upande mbovu, huhamia kipumulio cha pili, na gesi ya mitungi yote miwili bado inamfikia. Ana dakika 20. Mwenye mitungi ya ubavuni naye hufunga upande mbovu, tena pengine kwa haraka zaidi, kisha hubaki na dakika 10. Gesi nyingine anayo, anaiona, anaigusa, ila haimfikii mapafuni. Akishtuka na pumzi ikaenda maradufu, zimebaki dakika 5, na safari ya kupanda hata haijaanza.

Watetezi wa ubavuni wana jibu. Husema valvu ya mtungi mbovu inaweza kufunguliwa na kufungwa kwa mkono kila pumzi, au regulata nzima ikafunguliwa majini na kuhamishiwa mtungi wa pili. Ni kweli, yote mawili yanawezekana na yanafundishwa. Lakini yanafanyika na nani, na akiwa wapi? Kuna tofauti kati ya bwawa lenye maji ya uvuguvugu na mita 60 za kiza, mkono mmoja umeshika valvu, mwingine umeshika kamba ya kupandia, huku kompyuta ikiongeza muda wa vituo kila dakika inayopotea. Mbinu kama hizo ni nzuri kuzijua, ila anayezifanya kuwa mpango wake mkuu amepanga vibaya.

Kuna na mwenzi wa kuzamia, ambaye katika mabishano haya husahaulika kabisa. Mwenye mitungi ya mgongoni huvuta kwenye mpira mrefu wa zaidi ya mita 2, na mwenzake akiishiwa humpa kipumulio kilichomo mdomoni mwake wakati huo, kinachojulikana kuwa kinafanya kazi. Mwenye mitungi ya ubavuni hana budi kubadilisha kipumulio kila baada ya muda ili mitungi ipungue sawasawa. Mara anavuta wa kulia, mara wa kushoto. Janga likimkuta anavuta kwenye mpira mfupi, ule mrefu umebanwa kifuani na inabidi auchomoe kwanza. Ni jambo la sekunde chache, lakini aliyeishiwa pumzi hana subira ya sekunde chache.

Haki isemwe: manifoldi nayo ina dhambi zake. Valvu yake ya katikati ikifungwa wakati wa kujaza na kusahaulika, mzamiaji hushuka akidhani ana mitungi miwili iliyojaa kumbe anao mmoja. Kiungo kikivuja nyuma ya kichwa, yeye huyasikia mapovu tu, hajui yanatoka wapi mpaka mwenzake aangalie. Na mtu ambaye bega lake halimruhusu kufikia valvu zilizo mgongoni hana biashara ya kubeba mitungi pacha. Huyo aende ubavuni bila kuona haya.

Uzamiaji wa vituo una jambo la tatu, na ndilo zito zaidi: mitungi haiishii miwili. Mpango wa kawaida huongeza mtungi wa oksijeni asilimia 50 wa kuvutwa kuanzia mita 21, na mwingine wa oksijeni tupu wa kuanzia mita 6. Kwa aliyefunga mgongoni, kilichopo mgongoni ni gesi ya kuvutwa chini, basi, na chochote kinachoning'inia pembeni ni cha kutiliwa shaka mpaka kisomwe. Kwa aliyefunga ubavuni, yote minne inaning'inia pembeni, ikifanana kwa umbo, mipira ikipishana shingoni. Akikosea akavuta ule wa asilimia 50 kwenye mita 60, shinikizo la oksijeni anayovuta ni bar 3.5, wakati mwisho unaokubalika hata kwenye vituo ni 1.6. Matokeo yake ni degedege, kipumulio kumtoka mdomoni, na kufa maji. Hufundishwa kuweka alama na kukagua kabla ya kubadilisha, sawa, lakini mpangilio mzuri ni ule unaopunguza nafasi za kukosea.

Mtindo huu ulitoka wapi? Kwenye mapango ya Uingereza, hususan miaka ya 1960, katika vilima vya Mendip na kwingineko, ambako mtu hutambaa juu ya tope na mawe akikokota mtungi mdogo mpaka afike dimbwi lililoziba njia. Pale mtungi mgongoni haupiti. Baadaye wazamiaji wa Florida na wa Yucatán huko Meksiko waliuchukua na kuuboresha kwa ajili ya mapito ya chini yenye dari la kukwaruza mgongo. Kwenye mapito hayo hauna mshindani, na hakuna mtu mwenye akili atakayebisha. Tatizo lilianza pale kifaa cha tundu jembamba kilipoanza kuuzwa kama jibu la bahari yote, hasa mwanzoni mwa miaka ya 2010 mashirika makubwa ya mafunzo yalipokifungulia kozi za wazamiaji wa burudani. Kipya kinyemi.

Sheck Exley, mzamiaji wa mapango wa Florida, alichambua vifo vya mapangoni na mwaka 1979 akachapisha alichokiona. Sababu kuu zilikuwa kukosa kamba ya kuongoza njia mpaka nje, kutobakiza theluthi mbili za gesi kwa ajili ya kutoka, na kwenda chini mno. Mahali pa kufunga mitungi hapakuwamo kwenye orodha.

Oktoba 1992, baba na mwana, Chris na Chrissy Rouse, walizamia nyambizi ya Kijerumani iliyolala kama mita 70 chini, nje ya pwani ya New Jersey. Walikuwa wakivuta hewa ya kawaida, si mchanganyiko wa heliamu. Vitu viliporomoka ndani, kijana akanaswa, baba akamwokoa. Walitoka wamechelewa na wamechanganyikiwa, na baadhi ya mitungi ya kupandia waliyokuwa wameiacha nje hawakuipata. Waliibuka bila kupitia vituo, wakafa wote wawili. Atakayesema kubadilisha mahali pa kufunga mitungi kungewaokoa aeleze kwa njia gani.

Pwani ya Afrika Mashariki ina sababu yake ya kupenda ubavuni, na ni sababu ya halali. Kinachopatikana kwa urahisi kwenye vituo vya uzamiaji, kuanzia Watamu hadi Mafia, ni mitungi ya alumini ya mmoja mmoja, na kuiokota miwili ya kawaida ni rahisi kuliko kutafuta pacha yenye manifoldi. Tena mitungi ya ubavuni hupokezwa botini mmoja mmoja, wala mtu hapandi ngazi na zaidi ya kilo 30 mgongoni. Lakini huo ni urahisi wa uchukuzi, usiitwe usalama. Boti ikiyumba na mkondo ukivuta, aliyefunga mgongoni hujitupa majini akiwa tayari, huku mwenzake bado anahangaika kubana mtungi wa nne juu ya mawimbi.

Kwa hiyo mkufunzi anayewaambia wanafunzi wake kuwa ubavuni ni salama zaidi, awaambie pia ni salama zaidi wapi. Na mwanafunzi, kabla ya kutoa pesa, aulize swali moja: regulata yangu moja ikifa kwenye mita 60, nitabaki na dakika ngapi? Asipopewa jibu kwa tarakimu, atafute mkufunzi mwingine.