Unapohama Nyumba, Usiiache Afya Yako Nyuma

Pita katika barabara za Langas, Huruma, Kapsoya au Munyaka siku za mwisho wa mwezi, nawe utaona mikokoteni na pikapu zilizosheheni magodoro, sufuria, mitungi ya gesi na kabati lililokosa mlango. Nyuma yake anafuata mama mwenye mtoto mgongoni na beseni la vyombo kichwani. Sisi wakazi wa Eldoret tumezoea kuiona hali hii hata haitushangazi. Mtu akituambia amehama, tunamwuliza kodi ya huko ni shilingi ngapi na kama maji yapo. Ni nadra kumwuliza afya yake i hali gani.

Hilo ndilo swali ninalotaka tujizoeze kuuliza. Wagonjwa wengi wanaokuja kwangu wakilalamikia kichwa kinachogonga, moyo unaodunda, tumbo linalowaka au usingizi uliopotea huwa na jambo moja wasilolitaja mpaka niwaulize: wamebadilisha nyumba katika miezi michache iliyopita. Baadhi yao walikuwa wakimeza dawa za shinikizo la damu kwa miaka. Walipohama, dawa ziliisha, na kliniki ya zamani ikawa mbali, nauli ya matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Mgonjwa hakukusudia kuacha dawa. Alisema angekwenda wiki ijayo, na wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka.

Hatari ya presha ni kwamba haiumi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa nayo, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Aliyeacha dawa anaweza kujiona mzima kabisa, akafanya kazi, akacheka na majirani, hadi asubuhi moja anapoamka mdomo umepinda na mkono hauinuki. Hicho ni kiharusi. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.

Je, kuhama kunaudhi mwili kwa njia gani? Unapokabiliwa na jambo la kutisha au lisilojulikana, mwili hutoa kemikali zinazoharakisha moyo, kupandisha sukari katika damu na kufukuza usingizi. Kemikali hizo zilikusudiwa kutusaidia kukimbia hatari na kisha kutulia. Lakini mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi miwili, anayetafuta diposti ya nyumba nyingine na shule nyingine ya watoto, hatulii. Mwili wake hukaa tayari kukimbia usiku na mchana, wiki baada ya wiki.

Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja likiwa na alama kulingana na uzito wake. Kufiwa na mume au mke kulipewa alama 100. Kuhama nyumba kulipewa 20 tu. Utasema ni kidogo. Lakini tazama yanayoandamana nako: kubadilika kwa hali ya makazi 25, kubadilisha shule 20, kubadilisha shughuli za kanisa 19, kubadilisha mambo ya kijamii 18. Ukijumlisha unapata 102. Orodha hiyo ilitungwa kwa Wamarekani, na sisemi kwamba mkokoteni wa vyombo ni sawa na jeneza. Nasema tu kwamba kuhama hakuji peke yake. Anayehama hupoteza kwa siku moja jirani aliyekuwa akimwangalilia mtoto, duka lililokuwa likimkopesha unga, chama chake cha akina mama na kikundi chake cha maombi. Ndugu zake wanaweza kuwa Kitale au Kakamega, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hapa kwetu, tena, kuhama kuna jeraha la zamani. Mapigano ya kikabila ya 1992 na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwafanya maelfu ya watu wa Uasin Gishu kufunga virago usiku, bila kuchagua waendako. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret uligeuka kambi. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini. Baadhi yetu tulikuwa vijana wakati huo, na wengine walikuwa watoto. Mtoto wa miaka minane wa mwaka 2008 leo ni mzazi anayelipa kodi ya nyumba. Uchaguzi unapokaribia, utasikia mtu akisema anampeleka mkewe nyumbani kwa wazazi "kupumzika kidogo", au anatafuta nyumba katika mtaa mwingine kwa sababu "maji ya hapa si mazuri". Mara nyingi sababu si maji. Ni woga ambao mdomo hautaki kuutamka, nao mwili huutamka kwa niaba yake kwa njia ya presha na kukosa usingizi.

Siku hizi kuna na lingine. Naliita uchovu wa matumaini. Katika mwaka 2022 wengi mjini humu waliamini kwamba maisha yangebadilika haraka, kwa kuwa aliyechaguliwa rais alikuwa mtu wa kaunti hii hii. Mwaka 2023 tuliwaona wazazi waliolipa pesa kupitia mpango wa kaunti ili watoto wao wakasome Finland na Canada wakiandamana mjini, wakidai fedha zao. Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, hapa Eldoret kama kwingineko, na mswada ukaondolewa baada ya damu kumwagika. Agosti 15, 2024 mji wetu ukatawazwa kuwa jiji. Sherehe ilikuwa kubwa, lakini mwenye ploti hakupunguza kodi. Mwaka huo huo mfanyakazi alianza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima mpya ya afya, juu ya asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Kuna mtu anayekatwa ada ya nyumba mwezi huu huku akihamisha watoto kutoka vyumba viwili hadi kimoja. Usimshangae akiwa na hasira.

Kukata tamaa na siasa si ugonjwa, wala daktari hana kidonge chake. Raia ana haki ya kukasirika. Ila hasira inayomezwa peke yako, kila usiku, ukitazama habari kwenye simu hadi saa saba, hugeuka kuwa jambo la kiafya. Nimewaona wanaume wa umri wangu ambao wameacha kupiga kura, wakaacha kwenda kanisani, wakaacha kuzungumza na wake zao, na mwishowe wakaacha dawa za sukari. Ukiwauliza sababu, wote hutoa jibu moja: "Daktari, kuna haja gani?" Swali hilo linapoanza kuhusu siasa na kuishia kwenye dawa, mtu huyo yumo hatarini, na walio karibu naye wanapaswa kumshika mkono.

Hapo ndipo imani inapoingia. Sipingi maombi, la hasha! Anayehamia mtaa mpya akapata kanisa au msikiti wa kumpokea amepata dawa isiyouzwa katika famasia yoyote: watu watakaouliza siku asipoonekana. Mji huu una mfano mkubwa. Mwanzoni mwa 2008, marehemu Askofu Cornelius Korir wa Jimbo Katoliki la Eldoret alifungua uwanja wa kanisa kuu la Sacred Heart kwa maelfu ya watu waliokimbia makwao. Walipata pa kulala, chakula na mtu wa kuwasikiliza. Siku hizo hizo, Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, waliteketezwa ndani yake. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tangu wakati ule hawezi kuketi kanisani moyo ukatulia, usimwambie imani yake ni haba. Mpe muda, nawe ukae naye.

Ninachokataa ni kule kumwambia mgonjwa kwamba msongo wa mawazo ni dalili ya kukosa imani, au kwamba akiombewa atupe tembe zake. Tulijionea msitu wa Shakahola mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ni hatari gani humpata muumini akiambiwa aache jambo ambalo mwili wake unalihitaji. Viongozi wengi wa dini hawafanani na wale. Mwislamu mwenye kisukari humwendea daktari kabla ya Ramadhani ili apange upya saa za dawa, naye hajapunguza saumu yake kwa lolote. Vivyo hivyo, Mkristo anaweza kumeza kidonge chake cha presha saa moja asubuhi na kukesha kwenye maombi saa tatu usiku.

Wapo watakaouliza kama inawezekana kweli kumfuata mgonjwa anayehama. Jibu tunalo hapa hapa. Mpango wa AMPATH, ulioanza 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali kuu ya rufaa ya Moi na vyuo vya Marekani, ulikuwa na maelfu ya wagonjwa wa Ukimwi wakati ghasia za 2008 zilipozuka. Wahudumu wake walitumia redio na simu kuwatafuta waliotawanyika, wakapeleka huduma kambini ili watu wasikose dawa. Ikiwa mgonjwa aliweza kutafutwa katikati ya moshi, anashindwaje kutafutwa mgonjwa wa presha aliyehama kwa amani kutoka Kimumu hadi Maili Nne? Naamini kila kliniki ya mji huu inapaswa kumwuliza mgonjwa, kila anapokuja, maneno mawili zaidi: "Bado unaishi pale pale?" na "Una mpango wa kuhama?" Maswali hayo hayahitaji mashine wala fedha za wafadhili.

Wewe nawe, msomaji, fanya yafuatayo kabla ya kuita mkokoteni.

Kwanza, kabla ya kulipa diposti, tafuta kituo cha afya kilicho karibu na nyumba mpya, uulize kama dawa zako hupatikana hapo.

Pili, nenda kliniki yako ya zamani, pima presha na sukari, uombe dawa za mwezi mmoja au zaidi pamoja na barua inayoeleza ugonjwa na dawa unazotumia.

Tatu, weka katika mfuko mmoja dawa, miwani, kadi za hospitali na vitabu vya kliniki vya watoto. Ubebe mwenyewe mfuko huo, usiupakie. Chanjo ya surua ya miezi 18 husahaulika kwa urahisi familia inapohama. Anayetumia insulini asiiache juani juu ya pikapu. Kama hakuna friji, iwekwe ndani ya chungu cha udongo mahali penye baridi.

Nne, katika wiki ya kwanza, wajulishe jina lako majirani wawili na kiongozi mmoja wa kanisa au msikiti wa mtaa huo. Mweleze mmoja wao ugonjwa ulio nao na nambari ya kupiga ukizidiwa.

Tano, jiwekee saa ya kufunga habari za siasa. Saa mbili usiku zinatosha. Baada ya hapo zungumza na walio nyumbani.

Sita, ikiwa kwa wiki mbili mfululizo hulali vizuri, huna hamu ya chakula wala ya kazi, unajiona huna thamani, au mawazo ya kufa yanakujia, nenda hospitalini. Hospitali ya Rufaa ya Moi ina idara ya afya ya akili. Mawazo ya kujiua yakikujia, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu leo, uende leo. Usiogope polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kinakiuka katiba. Anayefikia hapo anahitaji matibabu.

Na ukiona uso wa mtu umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno yanamkwama, usimpe maji na usimngojee mchungaji. Mpeleke hospitali mara moja. Maombi yanaweza kuendelea garini.

Neno la mwisho ni kwa wenye nyumba, wachungaji, maimamu na majirani. Mwisho wa mwezi huu patakuwa na mgeni katika ploti yenu. Mpeni mkono kushusha godoro, mwonyesheni maji yalipo, kisha mwulizeni kama ana dawa anazomeza na kama zimebaki za kutosha. Wanasiasa wametuahidi mengi kwa miaka mingi. Hili halihitaji ahadi ya mtu yeyote, na linaweza kufanywa Jumamosi hii.

Nakutakia afya njema.