Mvuta Tumbaku Hudhani Madhara Ni ya Mwenziwe

Ndugu msomaji, mtu aletwapo hospitalini kwa kikohozi, nami naona vidole vyake vimekuwa rangi ya tumbaku, humwuliza: "Je, wajua ya kuwa moshi huu hudhuru?" Karibu wote hujibu, "Ndiyo, muganga, najua." Basi sisi tunaofundisha tusidhani ya kuwa mvutaji amekosa habari tu. Habari anazo, lakini moyoni hudhani madhara ni ya mwenziwe.

Sikia sababu zake. Mvuvi wa Baraka husema, "Usiku ziwani kuna baridi, na upepo waweza kunizamisha kabla sigara haijaniua." Mtu wa milima ya Fizi husema, "Nimepita katika vita na kolera. Moshi utanifanya nini?" Mwingine husema, "Babu yangu alivuta kiko mpaka akazeeka." Hayo si maneno ya mpumbavu. Mtu aliyezungukwa na hatari za leo huiona hatari ya miaka 20 ijayo kuwa ndogo.

Lakini tuyapime. Mtumbwi uliotoboka ukivuka mara moja mpaka Ubwari na kufika salama, je, utasema ni mzima? Babu yako alifika. Wale wasiofika hawapo kutusimulia.

Mwaka 1950 Doll na Hill wa Uingereza walionyesha ya kuwa saratani ya mapafu huwapata wavutaji kuliko wengine. Tangu mwaka 1951 waliwafuata maelfu ya waganga wa nchi ile, na kazi hiyo ikaendelea miaka 50. Ikaonekana ya kuwa wavutaji wa sigara wasioacha walipoteza kwa wastani yapata miaka 10 ya maisha, na kwa kila wawili, angalau mmoja aliuawa na tumbaku. Tena moshi huumiza moyo na mishipa ya damu, na humfungulia kifua kikuu mlango.

Wengine husema, "Nitapunguza." Kupunguza ni mwanzo mwema, lakini usiishie hapo. Hata sigara moja kwa siku huudhuru moyo, nayo huleta yapata nusu ya hatari anayoipata mtu avutaye 20.

Wengine husema, "Hunituliza." Sikiliza vema: nikotini hukuletea kiu, kisha sigara inayofuata huituliza kiu ileile. Ni kama mtu akuwekaye jiwe katika kiatu, kisha akutoze franka ili alitoe.

Wengine husema, "Nimekwisha chelewa." Sivyo! Katika waganga wale, aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata yapata miaka 3 ya kuishi, wa miaka 50 alipata 6, wa miaka 40 alipata 9, na wa miaka 30 aliepuka karibu hasara yote.

Sasa neno kwetu sisi wa kanisa. Twapenda kumtisha mvutaji na kumwaibisha. Matunda yake ni nini? Hutafuna majani apate kuficha harufu, huvuta nyuma ya nyumba, wala haji kuomba msaada. Mimi naona hofu peke yake haimwachishi mtu. Humsaidia sababu iliyo karibu naye: mtoto akohoaye kwa moshi wa nyumbani, au fedha za sigara za mwezi mmoja ambazo zingenunua daftari za shule.

Basi, ndugu uvutaye, chagua siku moja ya juma lijalo. Mwambie mkeo au rafiki mmoja. Siku hiyo usibaki na sigara wala kiberiti mfukoni. Juma la kwanza ni gumu kuliko yote: utakuwa na hasira, na usingizi utapungua. Tamaa ikija, kunywa maji, tafuna muwa, ngoja dakika chache; itapita. Ukianguka, usiseme yamekwisha. Wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja.

Na kama kikohozi kimedumu majuma mawili, njoo tupime makohozi yako. Hatutakugombeza. Mtumbwi wako ungali karibu na pwani, uzibe leo.