Ada ya Kukagua Meli: Nani Abebe Mzigo wa Shilingi?

Wapenda haki, shilingi ikianguka, ada ya ukaguzi wa meli iliyowekwa kwa shilingi huanguka nayo. Mwishoni mwa 1992 dola moja ilikuwa takriban shilingi 36. Mwaka mmoja baadaye, 68. Mwenye meli ya kigeni, apataye mapato yake kwa dola, akitozwa ada isiyobadilishwa hulipa karibu nusu tu ya thamani ya awali. Huyo apandishiwe, wala hatutamlilia.

Lakini mvuvi wa Lamu hauzi samaki wake kwa dola! Kumpandishia sawa na tajiri wa makontena ni kumtoza faini kwa dhambi ya waliomwaga noti wakati wa uchaguzi wa 1992. Ibara ya 201 ya Katiba ya 2010 yataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha. Basi viwango visipangwe gizani.

Na fedha hizo zikague vyombo kweli. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyojaa kupita kiasi, ilipinduka, watu 272 wakafa. Twataka hesabu ya kila ada ibandikwe bandarini, mabaharia na wavuvi waisome.