Injinia Ameandika Barua: Nani Ameisoma?

Injinia akiona mawe mazuri chini ya shamba la mtu, kazi yake ya kwanza si kuchimba. Kazi yake ya kwanza ni kuandika barua. Sisi makarani wa migodi twalijua jambo hili kuliko wengine, maana barua hupita mikononi mwetu kabla sururu haijafika shambani. Basi nataka niseme juu ya barua hizo: zaandikwa kwa nani, zasema nini, na kwa sababu gani watu wetu wengi hutia kidole chini yake bila kujua wametoa kitu gani.

Niruhusuni nianze mbali kidogo, huko Uingereza, katika makaa ya mawe. Kwa miaka mingi sana sheria ya Waingereza ilisema kwamba mwenye shamba ndiye mwenye makaa yaliyo chini yake. (Dhahabu na fedha zilikuwa za Mfalme, hilo halikuwashinda hata wao.) Injinia wa kampuni akitaka kuchimba, ilimlazimu amwandikie mwenye ardhi, na amwandikie tena, mpaka wapatane bei na miaka. Na mapatano yao yalikuwa na meno. Palikuwa na kodi ya kila mwaka iliyolipwa hata kama halikutoka kapu moja la makaa, ili mtu asije akakamata ardhi ya mwenzake na kuilalia tu. Juu ya hiyo palikuwa na malipo kwa kila tani iliyopanda. Makaa ya shamba la jirani yakipitishwa katika shamba lako, ulilipwa kwa njia pia. Tena mwenye ardhi aliweza kumtuma injinia wake mwenyewe ashuke shimoni, apime, ahesabu, atazame kama nguzo zimeachwa chini ya nyumba ili zisizame.

Siwasifu matajiri hao. Walikula jasho la wachimbaji bila kushika koleo, na wachimbaji wa Uingereza walilalamika juu yao miaka na miaka, mpaka Serikali yao ikatunga sheria mwaka 1938, na tangu tarehe 1 Julai 1942 makaa yote ya chini ya ardhi yakawa mali ya Serikali. Lakini angalieni neno moja: Serikali ilipowaondolea matajiri makaa yao, iliwalipa pauni zaidi ya milioni 66. Hata yule aliyekuwa hafanyi kazi alilipwa, kwa sababu alikuwa na karatasi.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 1 Julai 1885 ilitoka amri moja iliyosema kwamba ardhi tupu ni mali ya Serikali. Ardhi tupu! Msitu ambao watu waliwinda humo waliuita tupu. Shamba lililopumzishwa ili lipate nguvu waliliita tupu. Malisho ya ng'ombe, tupu. Na kwa sababu ilikuwa tupu, hapakuwa na mtu wa kuandikiwa barua, wala wa kulipwa pauni.

Makaa ya mawe tunayo hata sisi upande wa mashariki, kule Lukuga karibu na Kalemie, mji uliokuwa ukiitwa Albertville. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya CFL, na Serikali ya siku zile ikaiahidi hektari milioni nne pamoja na haki za madini, iwe malipo ya kujenga njia. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915. Mainjinia waliandika barua nyingi bila shaka, maana injinia haendi hatua bila barua. Lakini katika sheria ile mwenye ardhi alikuwa Serikali, na Serikali ilikaa Bruxelles. Huku Kivu ikawa vivyo hivyo. MGL ilianza mwaka 1923, na dhahabu ya Kamituga ikawa mali yake. Mwaka 1928 likaja Comité National du Kivu, likapewa nguvu za kugawa ardhi na haki za kuchimba katika nchi kubwa, kana kwamba nchi ni mkate na wao wameshika kisu.

Baada ya uhuru, tarehe 7 Juni 1966, ikatoka sheria ambayo wazee huiita sheria ya Bakajika. Hiyo iliirudishia Serikali ya Kongo ardhi na madini yaliyokuwa yamegawiwa makampuni kabla ya uhuru. Ilikuwa haki, na wazee wetu hawakukosea kufurahi. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973: ardhi yote ni mali ya Taifa, haiuzwi. Na mashamba ya wenyeji, wanayoishi kwa desturi yao? Kifungu cha 389 kilisema haki zao zitapangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo ilingojewa zaidi ya miaka arobaini. Hivi ndivyo ardhi ilivyotoka Bruxelles ikarudi nyumbani, lakini ilipofika Kinshasa ikashuka garini, haikuendelea mpaka Mwenga.

Ndiyo maana leo mkulima wa kwetu yu katika hali ya ajabu. Dhahabu iliyo chini ya mihogo yake si yake. Sheria ya madini ya tarehe 11 Julai 2002, na ile iliyoirekebisha tarehe 9 Machi 2018, zote zasema mali ya chini ya ardhi ni ya Serikali. Mwenye kuchimba kwa mashine sharti awe na ruhusa iliyoandikwa katika Kadastre ya Madini, yaani CAMI. Sheria ya 2002 ilimpa miaka 30, ile ya 2018 ikampa miaka 25, na zote mbili zaruhusu kuongeza. Mwenye ruhusa aweza kuikodisha kwa mwingine, Wafaransa huiita amodiasio. Lakini aliyekodi hana ruhusa ya kumkodisha wa tatu, na mapatano yao sharti yaandikwe CAMI. Basi katika barua hizi zote za kukodi mgodi, mkulima hatajwi. Mabwana wawili wapatana juu ya kichwa chake.

Mtu ataniuliza: kama mkulima hana dhahabu, kwa nini basi kila mwaka twaona mainjinia wakipanda mlima na karatasi kumtafuta? Hilo ndilo swali lenyewe. Mwaka uliopita mzee mmoja wa bonde fulani alinijia jioni, akatoa barua ndani ya koti lake, akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma kwa mapadri. Nisomee hii, wanataka kukodi shamba langu." Nikamjibu, "Ndiyo, baba," nikaisoma mara mbili. Mdomoni yule injinia alikuwa amesema kukodi. Katika karatasi neno la Kifaransa lilikuwa "céder", na maana yake ni kuachia kabisa. Miaka haikuandikwa. Fedha zingelipwa mara moja, na kwa fedha hizo mzee angekuwa amemaliza madai yote, yake na ya watoto wake. Juu ya mashimo yatakayobaki, kimya. Namba ya ruhusa ya CAMI, kimya. Na chini palikuwa na mahali pa kidole, pamechorwa vizuri sana kwa rula.

Hapo nikafahamu kwamba barua ile haikumtafuta mzee kwa ajili ya dhahabu, maana hawezi kuitoa. Ilitafuta vitu viwili alivyo navyo: udongo wa juu, na jina lake. Kwa udongo mashine inapata mahali pa kusimama. Kwa jina, mtu asiye na ruhusa anapata karatasi ya kumwonyesha askari barabarani: tazama, mwenyeji mwenyewe amekubali.

Si habari ya mzee mmoja. Mwezi wa Agosti 2021 gavana wa Kivu ya Kusini alisimamisha makampuni sita ya Kichina yaliyokuwa yakichimba dhahabu katika Mwenga, baada ya wananchi kulia juu ya mito iliyochafuka na mashamba yaliyopinduliwa. Mwezi wa Julai 2024 gavana mwingine akasimamisha kazi zote za kuchimba katika jimbo zima. Amri za namna hii huja wakati shamba limekwisha kuwa shimo la maji. Na mara nyingi kampuni hujificha nyuma ya kooperative ya wachimbaji wadogo, ingawa uchimbaji wa mikono ni haki ya Mkongo peke yake. Ukiuliza, waonyeshwa hati ya kooperative. Ukitazama mtoni, waona mashine ambayo mchimbaji wa mikono hawezi kuinunua hata akiishi mara tatu.

Wengine husema watu wetu ni wajinga wa mambo ya kukodisha, ndiyo sababu wanadanganywa. Uongo mtupu. Katika Bushi kila mtoto ajua kalinzi na bwasa. Kalinzi ni ng'ombe uliyemtoa mbele ya mashahidi, na shamba likawa lako na la wanao. Bwasa ni kukodi kwa muda, msimu mmoja au mwaka, na mwenye bwasa hapandi migomba, kwa maana mgomba hukaa, na aliyepanda kitu kinachokaa kesho atasema shamba ni lake. Je, kuna sheria iliyo wazi kuliko hiyo? Injinia naye angeulizwa: wewe ni mtu wa kalinzi au mtu wa bwasa? Kama ni wa bwasa, mbona wachimba shimo la mita kumi, ambalo lakaa kuliko mgomba?

Basi mtu akipata barua ya namna hii, nasema asitie kidole siku ile ile. Aombe nakala. Aende na mwenzake CAMI, aulize mraba ule ni wa nani. Mara nyingi ataambiwa ni wa mwingine kabisa, na hapo barua imekwisha kufa. Kama mwandishi ana ruhusa ya kweli, basi hana haja ya kuachiwa shamba: anapaswa kulipa. Sheria ya 2002, kifungu cha 281, iliweka kwamba anayemnyima mtu matumizi ya ardhi yake hulipa kodi ya shamba, au thamani yake na kuongeza nusu. Na kama ni kodi, iandikwe ya kila mwaka, ilipwe dhahabu ikitoka au isipotoka, kama Waingereza walivyofanya kwa makaa yao. Hakuna haja ya kuona haya kuiga jambo jema. Miaka iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Shimo litafukiwa na nani, kwa fedha ya nani, liandikwe pia. Mke wa mwenye shamba na watoto wakubwa wawepo, kwa sababu ndio watakaolala njaa.

Ndugu zangu wafanyakazi wa migodi, msidhani jambo hili ni la wakulima peke yao. Unga tunaokula Kamituga watoka katika mashamba hayo hayo. Bonde likigeuka shimo, mihogo yapanda bei siku ya soko, na mshahara wabaki pale pale. Mama watwangaji wanaoponda mawe ya dhahabu mchana kutwa ndio wa kwanza kuona jambo hilo, kwa kuwa wao hununua unga kwa kikombe. Tena ni sisi tunaoitwa kuwa mashahidi na watafsiri wa barua hizi, kwa noti moja na chupa ya bia. Mtafsiri anayesoma "céder" akatamka "kukodi" ameuza shamba la mtu kwa bia.

Na mabwana wetu wa machifu nao nina neno kwao, kwa heshima yote. Sheria ya 2018 imeweka malipo ya dhahabu kuwa tatu na nusu kwa mia. Katika fedha hizo nusu yaenda Kinshasa, robo jimboni, kumi kwa mia katika mfuko wa vizazi vijavyo, na kumi na tano kwa mia kwa eneo lenye mgodi, yaani chefferie, sekta au komini. Zaidi ya hayo, kampuni hutoa kwa maendeleo ya wenyeji angalau sehemu tatu kwa elfu za mauzo yake ya mwaka. Hizi si siri za ikulu, zimechapishwa. Hesabu yake ingebandikwa ukutani pa ofisi ya chefferie, mahali watu wanapolipia kodi, wangekuwa na moyo zaidi wa kulipa hata hiyo kodi.

Makarani wenzangu wa Mwenga, wa Shabunda, wa Walungu na wa Fizi, kwenu ninyi nina ombi dogo. Barua ya injinia ikipita mezani kwenu, isomeni kwa sauti mbele ya mwenye shamba, neno kwa neno, kwa Kiswahili, au kwa Kilega, kwa Mashi, kwa Kibembe, kabla kidole hakijaguswa wino. Andikeni nyuma ya karatasi tarehe, jina la aliyesoma, na lugha aliyosomea.