Dawa ya Shilingi Hamsini

Juzi katika duka moja la dawa mjini Kakamega, mama mmoja aliyenitangulia kwenye foleni alisema tumbo linamsokota na homa haishuki. "Daktari, nipe ile ya taifodi." Kijana mwenye koti jeupe, ambaye sidhani alikuwa daktari, hakuuliza cheti wala vipimo. Aliuliza tu: "Za ngapi, mama?" Akajibiwa: "Za hamsini." Akamhesabia tembe nne za siprofloksasini.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Kazi yangu ni kusikiliza jinsi watu wasemavyo. Katika mazungumzo hayo, kipimo cha dawa kilikuwa fedha. Nilipowauliza wenzangu wa biolojia ni nini humpata bakteria aliyepewa tembe nne, jibu lao lilinitia hofu.

Wengi wetu hudhani kwamba dawa pungufu ni dawa isiyofanya kazi, na hasara yake ni hiyo hamsini. Sivyo. Siprofloksasini humshambulia bakteria katika DNA, ule uzi wenye maandishi yote ya urithi wake, na kuukata. Kipimo kikiwa kamili, mikato huwa mingi kuliko uwezo wa kuiunga, naye hufa. Kikipungua, baadhi husalia wakiwa majeruhi. Hapo ndipo huanza kazi ambayo mwanabiolojia Miroslav Radman, katika miaka ya 1970, aliiita SOS, kwa mfano wa ishara ya manahodha walio hatarini. Protini iitwayo RecA hujizungusha kwenye uzi ulioachwa wazi. Nyingine, LexA, ambayo kwa kawaida huzifungia jeni za ukarabati, hujikata yenyewe, na jeni zipatazo 40 zikafunguliwa.

Mwanzoni ukarabati huo ni wa uangalifu. Jeraha likizidi, huitwa mafundi wa mwisho, nao ni kama mpanga-chapa aliyekabidhiwa mswada ulioliwa na mchwa huku mtambo ukimngoja: asipoiona herufi, hutia yoyote. Aghalabu makosa hayo hayana faida, au humwua bakteria mwenyewe. Lakini kosa moja la nadra laweza kubadilisha mahali pale pale dawa inaposhika, na uzao wake wote usiijali tena.

Mionzi nayo huamsha ishara hiyo hiyo. Evelyn Witkin, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 2023 akiwa na umri wa miaka 102, alianza mwaka wa 1944 kwa kuwamulika bakteria miale ya urujuanimno na kuwachunguza wachache waliopona. Mwaka wa 2005 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba bakteria ambao LexA yao imezuiwa kujikata hawakupata usugu wa siprofloksasini katika panya waliotibiwa. Dawa ya kuwazuia hivyo haijafika madukani. Tulicho nacho ni kipimo.

Wataalamu bado wanajadiliana ni siku ngapi zinazotosha kwa kila ugonjwa, lakini hakuna asemaye kwamba idadi hiyo iamuliwe na noti iliyo mfukoni. Sheria yetu haikosi: dawa hizi huuzwa kwa cheti, na Bodi ya Famasia na Sumu ina mamlaka ya kuisimamia. Hata hivyo, naona ni unafiki kumkemea yule mama. Angekwenda zahanati angelipa nauli, angepanga foleni tangu asubuhi, na pengine angeambiwa dawa zimekwisha, akanunue nje. Serikali ya kaunti na izipe zahanati zake dozi kamili kwanza. Bodi nayo imwandame muuzaji, si mnunuzi.

Na kwa kuwa lugha ndiyo taaluma yangu, naongeza dai dogo: maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, kwa maneno, si kwa tarakimu za kienyeji cha wauza dawa. Kwenye bahasha ya kaki aliyopewa mama yule paliandikwa "1x2". Ni kwa siku ngapi, hapakuandikwa.