Ukipewa Kipaza Sauti Harusini

Katika harusi nyingi za mijini hufika wakati mshereheshaji amwitapo mjomba au shangazi awape maarusi nasaha, kabla ya watu kugonganisha glasi. Wengi huanza kwa kuishukuru kamati, kisha wakataja nusu ya ukoo, huku pilau ikipoa. Dakika tatu zatosha. Sema wewe ni nani kwa maarusi, simulia jambo moja jema ulilolishuhudia kwao, watakie heri, kisha waombe wageni wainue glasi. Iwe shampeni, iwe soda au sharubati, heri ni ile ile. Na penye shughuli ya Kiislamu, dua hutangulia.

Urefu, hata hivyo, si kosa kubwa. Kosa kubwa ni mzaha wa mahari: mzee asimamapo akahesabu ng'ombe waliotolewa, bibi harusi hana pa kuficha uso mbele ya wakwe. Baya zaidi ni yule ampaye bwana harusi "ruhusa" ya kumrudi mkewe kwa fimbo, na ukumbi mzima ukacheka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa, hata kama mila husema vinginevyo. Binti yule akija kupigwa siku moja, ataukumbuka mzaha ule. Atakwenda kushtaki kwa nani, ikiwa mjomba mwenyewe ndiye aliyeutoa?