Moshi wa Timboroa Katika Kioo cha Kompyuta

Mpwa wangu, ambaye huchuma riziki yake kwa kuchora nembo na mabango hapa Eldoret, alinionyesha mwezi uliopita sura mpya aliyoivika kompyuta yake: madirisha yenye kingo za shaba zilizopigwa ribiti, saa ya magurudumu ya meno, na nyuma ya vyote hivyo ukungu wa London ya zama za Malkia Victoria. Mtindo huo huitwa stimpanki, jina lililobuniwa mwaka 1987 na mwandishi wa riwaya wa Marekani, K. W. Jeter, na wafuasi wake huiwazia dunia ambayo enzi ya mvuke haikukoma. Niliusifu ustadi wake, kwani alistahili sifa. Kisha nikamwuliza kwa nini aazime moshi wa London ilhali reli yenye moshi wake ilipita mlangoni petu.

Reli kutoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924, baada ya kuivuka Timboroa, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,700. Na katika miaka ya 1950 mteremko ule mkali ulikuja kupandwa na Garratt za aina ya 60, mashine za ajabu zenye injini mbili, moja mbele na moja nyuma, na baina yao pipa kuu la kuchemshia maji, zote zimepakwa rangi ya damu ya mzee. Apendaye kushuhudia adhama yake aende katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, asimame ubavuni pake.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, nayo ni ya haki. Reli ile ilijengwa kwa maslahi ya walowezi, na Garratt hizo zilipewa majina ya magavana wa Kiingereza, ilhali aliyezaliwa katika nchi hii alipanda behewa la daraja la tatu. Lakini makuli, wachochea moto na mafundi waliozihudumia hawakuwa magavana, na jasho lao ndilo linalonipa ujasiri wa kusema kwamba rangi zile ni zetu, hata kama majina yaliyobandikwa ubavuni hayakuwa yetu.

Basi tuliketi jioni nzima tukazipanga upya rangi za kompyuta yake. Damu ya mzee ikawa kichwa cha kila dirisha. Masizi ya dohani yakawa mandhari. Kaharabu, mfano wa taa ya kituo, ikawa kishale. Na madirisha yasiyotumika yakapewa kijivu cha ukungu wa Timboroa. Maandishi ndiyo yaliyotutaabisha. Awali aliyaandika kwa shaba nyekundu juu ya kahawia ya ngozi, jambo lipendezalo kwa mbali na kuchosha macho kwa karibu: miongozo ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, hutaka mng'aro wa herufi za kawaida na wa mandhari yake upishane kwa 4.5 kwa 1 angalau, na zake tulipozipima hazikufika 3. Nikamwambia atazame nje ya mji, mashamba ya Uasin Gishu wakati wa mavuno. Rangi ya ngano iliyokauka, juu ya masizi, ilisomeka mara moja.

Tulisalia na magurudumu ya meno, ambayo sikuyaridhia hata kidogo, maadamu katika Garratt hakuna chuma kilichowekwa kwa ajili ya pambo tu. Kila fimbo husukuma, kila mshale wa geji huarifu. “Mjomba, nayo saa?” akaniuliza. Tuliyafuta yote, na saa pia, tukaweka geji moja tu ya mvuke, ambayo sasa mshale wake huonyesha kiasi cha umeme kilichobaki katika betri, na ukikaribia sifuri ukingo wake hugeuka mwekundu kama mlango wa tanuri.